Oili na maji vinapokutana ndani ya injini: kipimo kipi kitangulie kabla ya kufungua hedi

Fundi anapochomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, na kukuonyesha oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hukumu huwa imekwisha kutolewa: gasketi ya hedi imeungua, tufungue. Mara nyingi husema kweli. Hata hivyo, kufungua hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda juu ya injini, ni kazi ya siku kadhaa, inayodai gasketi mpya, boliti mpya kwa injini nyingi, hedi kupelekwa mashineni ikanyooshwe, pamoja na oili na kulanti (maji ya kupozea yenye dawa) ambazo huenda zikamwagwa tena baada ya muda mfupi. Kazi hiyo ikimalizika na maji yakaendelea kuingia kwenye oili, mwenye gari ndiye anayebaki na deni. Ulinganisho huu umekusudiwa kwa mwenye gari, au fundi anayeanza, ambaye dalili ziko mbele yake na anataka kuamua alipie kipimo gani kwanza. Kosa kubwa ninaloliona katika gereji zetu za Uganda, kuanzia Ndeeba hadi Arua, ni kuvichukulia vipimo hivi kana kwamba vyote vinajibu swali moja, na kwamba tofauti yao ni bei tu.

Ninaposema maji, nina maana ya chochote kilichomo ndani ya rejeta, kiwe ni kulanti halisi au maji ya bomba. Madereva wetu wengi hutumia maji ya bomba, na jambo hilo lina uzito katika uchaguzi wa kipimo, kama itakavyoonekana.

Nani anavuja kwenda kwa nani

Ndani ya injini kuna makao matatu yanayotenganishwa na gasketi ya hedi, kizibo chembamba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini): silinda ambamo moto unawaka, mikondo ya maji, na mikondo ya oili. Gasketi inaweza kutoboka kati ya silinda na maji, kati ya maji na oili, au kati ya silinda mbili zilizo jirani, na kila tundu lina dalili zake. Hedi iliyopasuka au bloku iliyopasuka huleta dalili zile zile. Mbali na hayo kuna kipoza oili, ambacho mafundi hukiita oili kula, na ambacho injini nyingi za dizeli huwa nacho. Humo oili na maji hupita bega kwa bega vikitenganishwa na bati jembamba tu. Kipoza hakihusiani na hedi hata kidogo, lakini kikitoboka, lawama huiangukia hedi.

Mwelekeo wa mchanganyiko ndio ushahidi wa kwanza, na haugharimu kitu. Injini inapofanya kazi, oili husukumwa kwa kani (presha) ya bar 3 hadi 5 hivi, ilhali mfumo wa maji hauzidi sana bar 1. Kwa hiyo, pakiwa na tundu kati ya mikondo hiyo miwili, oili ndiyo inayoingia kwenye maji wakati gari linatembea. Injini ikizimwa, kani ya oili hushuka hadi sifuri papo hapo, lakini maji yangali moto na yangali na kani, na sasa hugeuka yakaingia kwenye oili. Gari linalotembea safari ndefu kila siku, tuseme kati ya Malaba na Kampala, litaonyesha oili nyingi ndani ya rejeta kabla dipstiki haijabadilika rangi. Gari linaloendeshwa kidogo na kuegeshwa likiwa moto mara kwa mara linaweza kuonyesha kinyume chake. Ukishaliona hilo, utaelewa kwa nini oili iliyo safi kwenye dipstiki haithibitishi kwamba hakuna tundu.

Macho na pua: rahisi, ila hudanganya

Kipimo cha macho hakilipiwi, kwa hiyo hutangulia vyote, nami sina ugomvi na hilo. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, chungulia chupa ya akiba, chomoa dipstiki, kisha geuza mfuniko wa kujazia oili uutazame upande wa ndani. Oili ikiwa imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, huku maji yakipungua bila tone kuonekana chini ya gari, hiyo ni dalili nzito kuliko rangi yoyote.

Rangi ina mitego miwili. Wa kwanza ni utando mweupe chini ya mfuniko wa oili. Katika miji ya baridi kama Kabale, gari linalotembea kilomita mbili tatu tu kila asubuhi hukusanya mvuke ndani ya injini, na mvuke huo hugeuka utando wa maziwa juu ya mfuniko. Kama dipstiki ni safi na maji hayapungui, liendeshe gari kwa nusu saa au zaidi likiwa limepata moto wake, kisha utazame tena kabla ya kuzungumzia hedi. Mtego wa pili umo ndani ya rejeta. Kutu iliyochanganyika na kulanti za aina mbili zisizopatana hufanya uji wa kahawia unaofanana na bushera, na wapo waliouziwa gasketi kwa sababu yake. Uchote uji huo, uutie kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani na uuache utulie. Oili hupanda juu na huteleza vidoleni, wala haitoki kwa maji matupu. Kutu hushuka chini.

Pua nayo hutegemea ulichojaza. Moshi mweupe wenye harufu tamu kutoka kwenye ekzosi ni alama ya kulanti inayoungua. Mwenye kujaza maji ya bomba hatainusa harufu hiyo kamwe, hata silinda ikiwa inakunywa lita nzima kwa wiki.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani ambacho watu hukidharau, nami nakipa nafasi ya juu kuliko rangi. Liache gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza boliti ya sampu, karai la oili chini ya injini, taratibu hadi tone la kwanza litoke. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajakorogeka nayo huwa yameshuka chini na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Yakitoka maji, usiwashe injini tena, kwa sababu beringi za kreki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hazivumilii oili yenye maji. Yasipotoka, usishangilie bado, maana oili iliyokwisha kuwa rangi ya chai huyashika maji yake na haiyaachii kirahisi.

Pampu ya kani dhidi ya dawa ya buluu

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, kwa kuwa vifaa hivi viwili ndivyo fundi mwenye gereji ya kawaida anavyoweza kuvimiliki, na ndivyo vinavyochanganywa zaidi.

Pampu ya kani hufungwa mahali pa mfuniko wa rejeta na kusukuma hewa kwa mkono hadi kani ile iliyoandikwa juu ya mfuniko, ambayo kwa magari mengi ya Kijapani ni kati ya bar 0.9 na 1.1. Usizidishe, la sivyo utapasua rejeta iliyokuwa nzima. Baada ya hapo unaitazama geji. Ikishuka na hakuna maji yanayodondoka nje, wala zulia la ndani halijalowa kwa maji ya hita, basi maji yanaingia mahali ndani ya injini. Chomoa plagi, umwambie mtu azungushe stata, uone kama ukungu wa maji utarushwa kutoka silinda yoyote. Au acha kani usiku mzima, kisha asubuhi ufungue sampu kama nilivyoeleza. Pampu inaiga hali ya gari lililozimwa likiwa moto, yaani ule wakati ambapo maji husukumwa kuelekea kwenye oili. Ndiyo maana inafaa kwa swali letu la oili na maji kuliko kifaa kingine chochote cha bei ya kadiri.

Dawa ya buluu hufanya kazi nyingine kabisa. Ni chombo cha kioo au plastiki chenye maji ya buluu, kinachokaa juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikiwa imewaka na imepata moto. Unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite ndani ya dawa, na ikiwa hewa hiyo ina kaboni dayoksaidi ya moshi wa silinda, dawa hugeuka njano. Kwa injini ya petroli jibu huja wazi na kwa dakika chache, kwa sababu moshi wake una kaboni dayoksaidi nyingi, asilimia 13 hadi 15 hivi. Dizeli inayozunguka polepole bila mzigo hutoa kiasi kidogo sana cha gesi hiyo, kwa hiyo rangi hubadilika kwa uvivu, na fundi asiye na subira atasema hedi ni nzima. Kuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli, na anayepima Prado au Hiace ya dizeli aulize kwanza kama ndiyo iliyomo chupani. Vilevile maji ya rejeta yapunguzwe kidogo kabla ya kupima, maana yakivutwa ndani ya chombo, dawa imeharibika na kipimo hakina maana.

Sasa tofauti inayowaponyoka wengi: dawa ya buluu haijui habari ya oili. Inajibu swali moja tu, kama moshi wa silinda umefika kwenye maji. Gasketi iliyotoboka kati ya mkondo wa oili na mkondo wa maji, bila kugusa silinda, itaiacha dawa ikiwa buluu safi. Kipoza oili kilichotoboka pia kitaiacha hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu ambaye rejeta yake imejaa oili, akaambiwa kwamba dawa haikubadilika na kwa hiyo injini haina kosa, amepewa jibu la swali ambalo hakuliuliza. Kinyume chake, gari linalochemsha na kutoa mapovu kwenye rejeta huku oili ikiwa safi kama asali ndilo dawa hii iliundwa kwa ajili yake, na hapo ningeichagua mbele ya pampu bila kusita.

Kuhusu mapovu, neno la pembeni kwa wasafiri wa nyanda za juu. Kabale iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na huko maji yasiyo na kani huchemka karibu na nyuzi 93. Mfuniko wa rejeta uliolegea hautunzi kani, maji huchemka mapema, mapovu hutoka, na gasketi isiyo na hatia hushtakiwa. Seti nyingi za pampu huja na kiungo cha kupimia mfuniko wenyewe. Fundi aanze nao.

Pampu nayo ina upungufu wake. Ikikuonyesha kwamba maji yanaingia kwenye oili, haikuambii kama yamepitia gasketi, ufa wa hedi au kipoza oili. Hilo nililijifunza kwa fedha zangu. Nilikuwa na gari la dizeli lililoanza kuonyesha oili kwenye chupa ya akiba. Halikuchemsha, nguvu zilikuwepo, dipstiki ilikuwa safi. Gereji niliyoliacha ilifungua hedi, ikainyoosha, ikafunga gasketi mpya. Wiki mbili baadaye oili ilirudi mahali pake pa zamani. Fundi mwingine alikitoa kipoza oili, akaziba tundu la kutokea oili, akasukuma hewa ya kompresa kupitia tundu la kuingilia, akakitumbukiza kwenye beseni la maji. Vipovu vilitoka mfululizo kutoka kona moja. Kazi yote ilichukua mchana mmoja, pamoja na saa ya chakula.

Kompresheni na hewa ya kuvuja

Geji ya kompresheni iko karibu kila gereji, na labda kwa sababu hiyo hutumiwa hata pasipostahili. Inapima kani ambayo pistoni inaweza kuijenga: kwa petroli, bar 10 hadi 14 hivi, na kwa dizeli, 25 hadi 35, kutegemea injini. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi kati yake imekatika. Tofauti inayozidi asilimia 10 hadi 15 kati ya silinda na nyingine ni ya kuchunguzwa. Namba zenyewe zisomwe kwa akili. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina kani pungufu kwa karibu asilimia 12. Injini ambayo kitabu chake kinataka bar 13 itaonyesha kama 11.4 bila kuwa na kasoro yoyote. Wapo walioambiwa ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu ya mlima.

Udhaifu wake ni ule ule wa dawa ya buluu: silinda isipohusika, geji haina la kusema. Tena tundu dogo linaloruhusu maji kupenya polepole usiku mzima halishushi kompresheni kiasi cha kuonekana.

Kipimo cha hewa ya kuvuja ni ndugu yake mwenye akili zaidi. Pistoni hupandishwa hadi juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, hewa ya kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi, kisha fundi hutega sikio. Mapovu kwenye rejeta yanataja gasketi au ufa. Hewa ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ikitoka kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Haiathiriwi na uchovu wa betri, wala hailinganishwi na namba za kitabu. Gereji yoyote yenye kompresa ya kupulizia rangi ina nusu ya kifaa tayari. Kreki ishikwe imara, maana hewa hiyo huweza kuizungusha na kumvunja mtu kidole. Kama fedha zinatosha kipimo kimoja kati ya hivi viwili, na shaka iko kwenye silinda, chukua hiki.

Kikaango na maabara

Tone la oili juu ya bati lililopashwa moto hadi nyuzi 150 au 160 hivi hutoa mlio wa kukaanga likiwa na maji, hata kiasi kidogo kinachokaribia sehemu moja kwa elfu. Ni kipimo cha sekunde chache, nacho kinafaa sana pale rangi ya oili inapotia shaka. Hakisemi maji yametoka wapi, na mvuke wa asubuhi za baridi unaweza kuliza tone kama kawaida.

Maabara hupima oili kwa undani zaidi, hasa kwa kutafuta sodiamu, potasiamu na glaikoli, ambazo hutoka kwenye kulanti. Kwa mwenye malori kumi au jenereta kubwa, sampuli inayochukuliwa kila oili inapobadilishwa inaweza kufichua tundu kabla macho hayajaona chochote. Kwa mwenye gari moja lililokwisha simama kando ya barabara, majibu yatafika yeye akiwa amekwisha kukata shauri. Jambo jingine: alama hizo hutokana na kulanti na dawa zake, si na maji. Aliyejaza maji ya bomba anaweza kupata ripoti yenye sodiamu kidogo na asiwe na sababu ya kutulia, kwa hiyo aliombe maabara lipime pia kiasi cha maji.

Kwa gari lako

Gari lenye giaboksi ya otomatiki na uji wa rangi ya waridi ndani ya rejeta lisiguswe injini kwanza. Katika magari mengi ya namna hiyo, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe, na kizuizi kikitoboka, vitu hivyo viwili huchanganyika bila injini kujua. Chomoa dipstiki ya giaboksi, kama ipo. Ikiwa nayo imegeuka rangi ya waridi yenye maziwa, usiliendeshe hata hadi gereji, livutwe, kwa sababu maji huziharibu sahani za msuguano za giaboksi kwa haraka, na giaboksi ni ghali kuliko rejeta mara nyingi.

Petroli inayochemsha, yenye mpira wa juu wa rejeta ulio mgumu hata asubuhi kabla ya kuwashwa, na oili safi: mfuniko wa rejeta, dawa ya buluu, kisha hewa ya kuvuja ili kujua ni silinda ipi.

Oili ya rangi ya chai huku maji yakipungua, petroli au dizeli: zima, usiiwashe, pampu ya usiku kucha na boliti ya sampu asubuhi. Geji ikishuka na maji yakatoka sampuni, na injini ina kipoza oili, kitolewe kipimwe kwenye beseni kabla hedi haijafunguliwa. Dizeli yenye oili kwenye maji, nguvu timamu na joto la kawaida, ianze moja kwa moja na beseni.

Ikithibitika kwamba hedi lazima ifunguliwe, upimaji haujaisha. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) ziwekwe juu ya uso wa hedi. Watengenezaji wengi hawaruhusu mpindo unaozidi kati ya milimita 0.05 na 0.10. Na kwa injini za dizeli zinazojulikana kwa kupasuka hedi, kama ile 1KZ ya Toyota iliyo ndani ya Surf na Prado nyingi za zamani, hedi ipelekwe ikapimwe ufa kwa kani ndani ya maji ya moto kabla hujaenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kununua gasketi.